Kitoboleo, chuma na kipasuo: zana za kusukia vikapu vya mierebi

Zana zote za msusi wa fito za mierebi (miti yenye matawi membamba yanayopindika) kule Somerset, Uingereza, zinaingia kwenye kikapu kimoja. Anayeanza asizinunue zote. Kisu, kitoboleo na chuma cha kugongea vinatosha kusuka kikapu cha duara kuanzia kitako hadi ukingo.

Ila maji kwanza. Fito zenye maganda huloweshwa kwenye maji baridi takriban siku moja kwa kila futi ya urefu; zilizochemshwa na kumenywa, saa moja au mbili tu. Kisha zifunge kwa kitambaa chenye unyevu hadi kesho yake. Ukizisahau majini, maganda huteleza na kubanduka.

Kitoboleo ni chuma chenye ncha na mpini wa mbao. Kwa kitako cha fito sita, chagua tatu nene, zitoboe katikati, kisha pitisha tatu nyingine humo upate msalaba. Baadaye kitoboleo hicho hicho hufungua nafasi kando ya fito za kitako ili zile za kusimama ziingie. Kipake mafuta ya mnyama (wazee waliyaweka kwenye pembe ya ng'ombe) na ukizungushe unaposukuma. Watu hupenda kukinoa kama shazia, na hapo ndipo wanapokosea: ncha inatakiwa kutanua nyuzi, si kuzikata. Ufito ukipasuka hadi mwisho, ama ni mkavu ama umetoboa pembeni. Ukikaa na ubao mapajani, chomeka kitoboleo kupitia kitako cha kikapu hadi kwenye ubao. Kikapu kitazunguka chenyewe.

Chuma cha kugongea ni bapa na kizito. Ufito uliolowa umevimba kwa maji. Ukikauka unasinyaa na mianya inatokea, kwa hiyo gonga kila baada ya mizunguko michache, katikati ya fito za kusimama, duara zima. Ukikazania upande mmoja, ukingo unakuja mshazari. Pima kimo sehemu nne kwa kijiti.

Kisu hukata masalio kwa mshazari. Ncha iliyokatwa lazima iegemee ufito wa kusimama, la sivyo inachomoka.

Kipasuo kina umbo la yai, cha mti mgumu au mfupa, chenye mapezi matatu au manne: ufito mmoja unatoa chane tatu au nne. Chane hizo si laini kama za ukindu. Huvutwa mara kadhaa kwenye randa ndogo yenye skrubu ya kupunguza nafasi, ili kiini kitoke kidogo kidogo. Ukikiondoa kwa mkupuo mmoja, chane inakatika. Halafu hupitishwa kati ya makali mawili yaliyosimama, zipate upana sawa wa kuviringishia mpini wa kikapu.

Futa zana baada ya kazi. Ufito una tanini (kemikali ya asili ya mimea), na chuma kikigusana nao ukiwa umelowa huacha madoa meusi yasiyotoka.