Kusi, Kaskazi na Pembe za Rhapta: Nilivyoisawazisha Senario ya Azania

Katika majaribio ya mwanzo, hakuna mchezaji wa Misri aliyefika Rhapta. Wote waliitazama ramani, wakapiga hesabu ya faida, kisha wakaelekeza merikebu zao India. Pwani yetu, ambayo ndiyo iliyonitia hamu ya kutengeneza senario hii, ikabaki tupu hadi mchezo unamalizika.

Ni senario ya mchezo wa mkakati wa kompyuta, kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza. Inaanza mwaka 50 na kwenda miaka 12. Pande ni nne: wafanyabiashara wa Misri, wakati huo ikiwa chini ya Roma, Muza, bandari ya Yemen kwenye Bahari ya Shamu, Barygaza ya Gujarat, mji unaoitwa leo Bharuch, na Rhapta, soko la mwisho la Azania (jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki), ambalo wengi wanaliweka katika pwani ya Tanzania. Karibu yote niliyoyatumia kuhusu Rhapta yametoka katika Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo mfupi wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki na mtu ambaye jina lake halikubaki. Unamtaja Malichus, mfalme wa Wanabatea aliyetawala kati ya mwaka 40 na 70, na ndiyo sababu unawekwa katikati ya karne hiyo.

Mapema kabisa nilijiwekea sharti moja. Upande ukizidi nguvu, au ukiwa dhaifu mno, sigusi namba kabla ya kurudi kwenye maandishi na kutafuta kama kuna jambo la kweli nililoliacha nje. Sharti hilo limenifaa kuliko hesabu zote nilizopiga, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Wachezaji niliwapata karibu tu, hapa Kibokoni, Mombasa: binamu zangu, jirani ambaye ni mvuvi, mwalimu wa hesabu anayecheza drafti barazani kila jioni, na ami yangu aliyekuwa nahodha wa jahazi la mizigo kati ya Mombasa na Lamu. Tulianzia kwenye karatasi. Nilichora ramani kwa penseli juu ya manila mbili zilizounganishwa, merikebu zikawa komwe za bao, pembe za ndovu zikawa vijiti vya kiberiti. Kanuni iliyo kwenye karatasi unaifuta kwa raba na kuandika nyingine wakati chai bado ina moto. Ukishaiingiza kwenye kompyuta, kuibadilisha ni kazi ya usiku mzima.

Tatizo la kwanza lilikuwa hilo la India. Kwa upepo, Misri na India zinaelewana vizuri: merikebu inaondoka Misri mwezi wa Julai, inashuka Bahari ya Shamu, inaikuta kusi na kukata bahari kuu hadi India, kisha inarudi na kaskazi. Ndani ya mwaka mmoja umerudi na pilipili. Anayekwenda Azania naye anaondoka Julai, lakini akishatoka kwenye mlango wa bahari inambidi angojee kaskazi ndipo ateremke pwani, na akifika Rhapta angojee tena kusi ndipo apande. Lionel Casson, aliyeitafsiri Periplus kwa Kiingereza mwaka 1989, alionyesha kwamba safari hiyo ilikaribia kuchukua miaka miwili. Sasa mchezaji gani mwenye akili timamu atachagua miaka miwili na kuuacha mmoja?

Njia rahisi ingekuwa kupandisha bei ya pembe za Rhapta. Periplus hainiruhusu. Inasema wazi kwamba pembe za huko ni nyingi lakini hazifikii ubora wa zile za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu katika Eritrea ya leo. Nikaendelea kutafuta, na jibu nikalipata katika mtaji. Kuna papiri ya karne ya pili, iliyohifadhiwa Vienna, inayohusu shehena ya merikebu iliyoitwa Hermapollon iliyotoka Muziris, kusini mwa India. Shehena hiyo moja ilikuwa na thamani ya takriban sesterti (sarafu za Kirumi) milioni 7, na serikali ya Roma ilitoza robo nzima ya bidhaa za namna hiyo. Huo si mzigo wa mchuuzi. Kukata bahari kuu wakati wa kusi kulihitaji chombo kikubwa na imara, na watu wenye fedha nzito nyuma yake. Pwani ya Azania ingeweza kufikiwa na chombo kidogo, kikienda bandari kwa bandari.

Kwa hiyo merikebu ya India nikaiwekea gharama ya 9 na ya Azania 3, na mchezaji wa Misri anaanza na 10. Ukituma merikebu moja India ikazama, umebaki na 1 mkononi na miaka mingi mbele yako. Ukituma tatu Azania, faida inachelewa lakini bahari haiwezi kukumaliza kwa pigo moja. Tangu hapo nimekuwa nikiwaona wachezaji wa Misri wakisita kabla ya kusogeza komwe ya kwanza, na kusita huko ndiko nilikokuwa nakutafuta.

Ami hakuridhika na pepo zangu. Nilikuwa nimegawa mwaka sehemu mbili tu, kusi na kaskazi, kama ilivyo katika vitabu vya shule. Alikaa kimya akiitazama ramani, halafu akaweka kidole juu ya Julai.

"Hapa umeandika kusi, na Mei pia umeandika kusi. Hizi ni moja?"

"Ni upepo mmoja, ami."

"Jina moja. Mei unatoka. Julai kusi imeshika, mwenye chombo kidogo anakivuta mchangani akitie mafuta. Ukimwacha atoke Julai sawa na Mei, hujamweka baharini huyu, umemweka dimbwini."

Nikagawa mwaka kuwa zamu sita za miezi miwili. Novemba na Disemba kaskazi inaanza; Januari na Februari imekolea; Machi na Aprili ni maleleji, upepo haujui uende wapi na chombo kinasogea hatua moja tu; Mei na Juni kusi inapanda; Julai na Agosti ni kusi kuu, vyombo vidogo havitoki bandarini katika pwani yetu; Septemba na Oktoba ni demani, bahari imetulia. Mabadiliko haya yaliusogeza mchezo kuliko jambo lingine lolote. Zamani mchezaji wa Rhapta alijua merikebu zitaondoka lini, sasa anaweza kumchelewesha mgeni katika bei hadi kusi kuu imkute bado bandarini, na mgeni analijua hilo, kwa hiyo anakubali bei ambayo Machi asingeikubali. Mazungumzo ya mezani yakawa marefu na ya moto. Sikuandika kanuni yoyote ya kubembelezana bei. Upepo uliileta wenyewe.

Kisha Muza ikazidi. Ilishinda mno, na mwalimu wa hesabu ndiye aliyenionyesha kwa nini. Yeye hachezi ili afurahi, anacheza ili akutafutie pengo, na kila mwenye kutengeneza mchezo anahitaji mtu wa aina hiyo karibu yake. Periplus inaeleza kwamba baadhi ya bidhaa zilizopelekwa Azania, yaani mvinyo na ngano, hazikuwa za kuuza. Zilitolewa ili kupata mapenzi ya wenyeji. Nikaifanya kanuni: ukitoa zawadi unapata heshima, na mwenye heshima kubwa anachagua pembe kabla ya wengine. Mwalimu akachukua Muza, akapakia mvinyo chombo baada ya chombo, akaugawa katika kila bandari kuanzia Opone, ambayo leo ni Hafun huko Somalia, hadi Rhapta. Mwaka wa nne hakukuwa na mwingine aliyeweza kununua hata kijiti kimoja cha kiberiti.

Nilitaka kuikata heshima ya Muza nusu. Binamu zangu walikuwa wameshaunga mkono, wamechoka kushindwa. Lakini kihistoria Muza ilikuwa na nguvu kweli: Periplus inasema Azania ilikuwa chini ya mtawala wa Mapharitis, eneo la kusini-magharibi mwa Arabia, na watu wa Muza waliishika kwa kulipa kodi, wakipeleka manahodha Waarabu waliooa huko, wanaozijua bandari na lugha ya watu. Kuipunguzia nguvu hiyo ni kuifuta pwani yenyewe. Nikasoma tena sehemu inayohusu bandari ya Muza, na humo mkawa na sentensi moja niliyokuwa nimeipita: mvinyo na ngano haviingizwi Muza kwa wingi, kwa sababu nchi inazalisha ngano kwa kiasi na mvinyo kwa wingi.

Kwa kiasi. Basi kanuni mpya ikawa hivi: heshima inapatikana kwa mvinyo na nafaka pamoja, kimoja bila kingine hakifai kitu. Muza ikabaki na mvinyo tele na ukosefu wa nafaka. Na nani ana nafaka? Misri, bila shaka, lakini iko mbali. Barygaza pia. Merikebu za India zilileta katika masoko ya Pembe ya Afrika ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba na asali ya miwa. Mchezaji wa Barygaza, ambaye awali alikuwa anauza pilipili na kupiga miayo, akajikuta anabembelezwa na pande zote. Muza bado inashinda mara nyingi kidogo kuliko wengine, na nimeamua kuliacha hivyo. Anayecheza na wageni katika mchezo huu humwachia mgeni Muza, anayejiamini huchukua Misri.

Rhapta ndiyo iliyonisumbua moyoni. Binti ami yangu aliichagua kwa mapenzi, akaicheza miaka miwili ya mchezo, akasukuma kiti nyuma. "Nyinyi mnasafiri, mnazama, mnagombana. Mimi nangoja wageni tu na kuhesabu pembe." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimempa ghala, sikumpa watu. Wakati Periplus inawaonyesha watu wenye kazi: wakulima, wenye maumbo makubwa, kila mahali pana mkuu wake, wana vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja. Katika kisiwa cha Menouthias, ambacho baadhi ya wataalamu wanasema ni Pemba na wengine Unguja au Mafia, walinasa kasa kwa vikapu vilivyofungwa kwenye mapito ya maji kati ya miamba.

Nilipomsomea jirani yangu mvuvi habari hiyo ya vikapu, alicheka kwa furaha. "Hizo ni dema." Akavua kofia yake, akaiweka mezani iwe mwamba, akapitisha mkono kuonyesha maji yanavyotoka katika mlango yakikupwa na kikapu kinavyoegeshwa kikabili mkondo. Akataka niweke bamvua, yaani maji makuu ya kujaa na kupwa, katika kanuni. Nilijaribu kwa nia njema, lakini zamu ya miezi miwili ina bamvua kadhaa ndani yake, haiwezi kuzibeba. Nilichokiweka ni kwamba, kila zamu ambayo hakuna mgeni, Rhapta inachagua: ipeleke watu bara kutafuta pembe, iwapeleke visiwani kwa kasa (siku hizi ni marufuku kumvua, na ni haki), au ishone vyombo. Magamba ya kasa ya Rhapta, Periplus inasema, yalikuwa bora kuliko yote baada ya yale ya India, kwa hiyo chaguo hilo lina uzito wa kweli kwenye bei. Watu wako wakiwa bara wakati merikebu inaingia, unauza ulicho nacho ghalani tu. Binti ami sasa haachi mwingine aicheze Rhapta.

Kila aliyejaribu ameniuliza Mombasa iko wapi kwenye ramani. Haipo. Periplus haiitaji, na sikutaka kubandika jina letu pale kwa sababu ya mapenzi. Nimeacha vituo kadhaa visivyo na majina katika sehemu hii ya pwani, na mchezaji anayevitumia anaruhusiwa kuviita apendavyo. Najua binamu zangu wanakiita kimoja nini.

Kwa upande wa uendeshaji, nimejifunza kukaa nyuma ya wachezaji na kufunga mdomo. Mtu akiuliza kanuni, namwonyesha karatasi. Asipoipata kwenye karatasi, kanuni ndiyo iliyokosewa kuandikwa. Katika daftari naandika nani kashinda, lakini ninachokitazama zaidi ni zamu ambayo mtu aliacha kufikiri: akianza kushika simu, au akisogeza komwe kabla hajaulizwa, naweka alama. Alama zikikusanyika upande mmoja, hapo ndipo pa kurekebisha, hata kama upande huo unashinda. Na nikibadilisha, nabadilisha jambo moja tu, kisha wachezaji walewale wanabadilishana pande.

Sasa kazi iliyobaki mezani ni Adulis. Nataka kuiongeza kama upande wa tano, chini ya Zoskales, mfalme ambaye Periplus inamsifu kwa kujua maandishi ya Kigiriki na kumlaumu kwa ubahili. Pembe zake ni bora kuliko za Rhapta na ziko karibu zaidi na Misri, na katika jaribio la kwanza alikausha soko lote la kusini. Maandishi yananipa pa kushika: kutoka Adulis hadi Koloe, soko la kwanza la pembe, ni mwendo wa siku tatu, na kutoka hapo hadi mji mkuu wa Aksum siku tano zaidi, yote kwa nchi kavu. Nimeuwekea mwendo huo gharama ya wapagazi. Mwalimu wa hesabu ameshaomba kuicheza Adulis Ijumaa.