Waliosoma shule za kata na wadogo zao walioko darasani

Zinapotajwa jumuiya za wanafunzi wa zamani nchini Tanzania, shule zinazokuja kichwani upesi ni zile kongwe: Tabora Wavulana, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Weruweru. Shule hizo zina watu wao serikalini, katika mabenki na katika vyuo vikuu, na siku ya mahafali, mgeni rasmi akiwa mmoja wa waliosoma hapo, wanafunzi huisoma risala yao kwa matumaini, wakijua kwamba jua halitazama bila ahadi ya kompyuta au tangi la maji. Sina neno na hilo. Anayekumbuka alikotoka apongezwe. Ninachotaka kuandika ni habari za shule za aina ile niliyosoma mimi, shule ya kata mkoani Singida, yaani sekondari iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa kata yenyewe, kwa sababu shule za kata ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya wanafunzi wa sekondari nchini, na hadi miaka michache iliyopita hazikuwa na wahitimu wa kuzisemea.

Nyingi kati ya shule hizi zilizaliwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Wananchi walichanga mawe, matofali na nguvu zao, Serikali ikaongeza fedha na kupanga walimu, ingawa mara nyingi walimu walifika nyuma sana ya wanafunzi, hasa wa sayansi na hisabati. Aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2006 leo amepita miaka thelathini, ana kazi au shughuli yake, na huenda mwanawe wa kwanza anakaribia kuingia darasa lilelile. Kwa hiyo ndiyo kwanza shule hizi zimepata kizazi cha watu wazima kinachoweza kurudi na kuuliza panapohitajika mkono.

Ila kizazi hicho hakifanani na cha shule kongwe. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa na daraja sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na hata baada ya hapo walioshindwa walibaki wengi. Maana yake ni kwamba katika shule ya kata ya miaka ile, mhitimu wa kawaida ni yule aliyefeli. Yeye ndiye fundi uashi, dereva wa bodaboda, mama lishe wa stendi na mkulima wa alizeti. Kundi letu la WhatsApp lilianzishwa na waliofika vyuoni, likawa la kupeana pongezi za kuhitimu na picha za harusi, na kila tulipomwongeza mtu wa sifuri alijitoa kimyakimya kabla ya jioni. Nani angekaa mahali ambapo kila salamu inamkumbusha alichokosa?

Nimefikia kuamini kwamba katika shule za namna hii, mwenye msaada mkubwa kuliko wote ni yule aliyebaki kijijini. Sisi tulioko Dar es Salaam na Dodoma tuna fedha kidogo na maneno mengi. Tulipoamua kuchangia viti na meza, mjadala ulichukua majuma, tukilinganisha bei za viwanda vya mjini na gharama za lori, mpaka mmoja wetu akauliza kwa nini kazi isipewe seremala aliyesoma hapohapo, ambaye karakana yake iko njia ya kuelekea shuleni. Alitengeneza kwa bei nafuu, lakini faida kubwa ilikuja baadaye: kiti kikilegea, yeye ndiye anayeitwa, na huja na nyundo yake bila kuandikiwa barua.

Chakula cha mchana nacho ni hivyohivyo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada, ambayo kwa shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, lakini uji na makande vilibaki mikononi mwa wazazi na makubaliano yao. Mtoto anayetembea saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi hawezi kusikiliza somo la fizikia la saa saba mchana akiwa na njaa. Ukimwomba mkulima fedha taslimu mwezi Machi unamfukuza. Ukimwomba debe moja la mahindi baada ya mavuno, analeta mwenyewe kwa baiskeli na pengine anaongeza la pili.

Sisi wa mbali tunafaa zaidi kwenye njia panda, na njia panda za mwanafunzi zina tarehe zake. Mtahiniwa wa kidato cha nne hujaza chaguo la tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, na la vyuo kabla ya mtihani wa Novemba, mara nyingi akiiga alichojaza jirani yake, na matokeo yakitoka Januari hajui kwamba anaweza kubadilisha. Aliyekosa kidato cha tano haambiwi na mtu yeyote habari za vyuo vya ufundi stadi vya VETA, za vyuo vya maendeleo ya wananchi au za kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyechaguliwa anapewa fomu ya kujiunga na shule ya bweni ya mkoa mwingine, yenye orodha ya godoro, shuka, ndoo, sare na vifaa vya usafi. Ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022, lakini godoro na nauli havikuondolewa. Fedha ya wahitimu ikifika wiki hiyo inamwokoa mtoto asibaki nyumbani. Ikifika Desemba, siku ya sherehe, inapigiwa makofi tu. Vilevile tunawahimiza walioko kidato cha tano wafuatilie cheti cha kuzaliwa mapema, maana maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanadai cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali anayesajili vizazi na vifo, na familia nyingi za kwetu hazina.

Kuna jambo moja ambalo sitalizungusha. Mwanamume aliyesoma shule fulani hana sababu ya kuwa na namba ya simu ya msichana wa kidato cha tatu, hata kama anasema anamlipia taulo za kike na daftari. Msaada wa namna hiyo upite kwa mwalimu wa malezi na unasihi, uandikwe, na mzazi ajue. Waliokasirika tulipoweka sharti hili waliondoka, na hatukuwabembeleza. Kuhusu fedha sina mengi: akaunti ya benki ya watia saini watatu, mmoja wao akiwa anaishi karibu na shule, na taarifa inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo pale shuleni.

Mjadala mkali zaidi tulionao sasa ni nani ahesabiwe kuwa mwanachama. Wapo wanaotaka wenye cheti cha kidato cha nne peke yao, kwa hoja kwamba umoja wa wahitimu ni wa waliohitimu. Wengine, nikiwamo mimi, tunataka kila jina lililomo katika daftari la uandikishaji la shule, likiwamo la msichana aliyeondolewa kwa ujauzito miaka mingi kabla Serikali haijaruhusu, Novemba 2021, waliokatiza masomo warudi darasani. Mama wa namna hiyo akisimama mbele ya wasichana wa kidato cha pili ana la kuwaambia ambalo mhandisi kutoka Dar es Salaam hana. Kikao cha mwisho kilituunga mkono kwa kura chache za ziada. Sasa, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, wanachama wawili wanaoishi jirani wananakili majina kuanzia mwaka wa kwanza wa shule, na ugumu waliokutana nao ni wa kawaida kabisa: majina yapo, vijiji vipo, ila wengi wameolewa mikoa ya mbali au wameshabadilisha laini za simu.