Kikao cha Kufunga Miamba

Nilikuwa karani wa diko. Samaki wakishushwa nawapima, naandika uzito, aina na chombo kilichowaleta, kisha daftari linakwenda idara ya uvuvi. Basi ilipokuja amri kwamba miamba ya nje itafungwa miezi miwili ili chewa wazae, hasira za wavuvi zilianza kunifikia mimi. Wapo walioniita kibaraka, na iliniuma, maana nilikula na kushinda nao.

Afisa aliyekuja kufafanua amri alikuwa kijana, na alijiandaa vizuri. Alitusimulia habari ya Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada: Julai 1992 serikali ya Kanada ilipiga marufuku uvuvi wa samaki aitwaye cod, uliolisha pwani ile karne kwa karne, kwa kuwa samaki walikwisha. Watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi. Marufuku ilitazamiwa kudumu miaka miwili. Haikuondolewa hadi 2024.

"Mnataka kufika huko?" akauliza.

Banda la mnada likanyamaza. Nahodha mzee kuliko wote akasimama, akaweka chewa mezani na kumpasua tumbo mbele yetu. Mayai yalikuwa yamejaa, yamebanana, mifuko miwili minene ya rangi ya machungwa.

"Shikamoo mzee," afisa akasema, akisogea karibu.

"Marahaba, mwanangu. Huyu kavuliwa jana. Nyinyi mnafunga mwezi ujao. Mwezi ujao atakuwa keshazaa, au keshaliwa. Chewa hafuati kalenda ya ofisini, anafuata bamvua. Maji yakijaa sana wanakusanyika mwamba ule ule, mwaka hadi mwaka, na kila mwenye mshipi anaujua. Mimi siombi mtufungulie. Naomba mfunge mapema."

Hilo hakuna aliyelitarajia, hata wavuvi wenzake. Baadhi walimzomea.

Nikalifungua daftari. Tukaketi mimi na afisa, tukaziweka tarehe zangu kando ya jedwali la maji kujaa na kupwa, na kila bamvua ya miezi ile miwili iliyotangulia chewa wakubwa waliongezeka ghafla. Yule mzee alikuwa akiyasema maandishi yangu bila kuyasoma. Na chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa, unawamaliza waume wa mwamba mzima.

Nikamweleza pia afisa upande wa pili wa habari yake. Kule Newfoundland wavuvi wa karibu na pwani walilalamika miaka mingi kwamba samaki wanapungua, huku makadirio ya serikali yakiegemea mno takwimu za meli kubwa za bahari kuu. Sheria ilikuwepo, waliokosekana mezani ni wale waliokuwa majini kila siku. Afisa hakubisha. Aliandika.

Lakini kufunga mapema hakujazi sufuria, na hapo ndipo kikao kilipokuwa kigumu. Aliyetusogeza mbele ni mchuuzi mmoja, mama mtu mzima. Alisema hatanunua tena chewa mwenye mayai, na kwamba miamba ikifungwa atachukua jodari wote watakaoletwa na vyombo vya diko letu kabla ya kugusa samaki wa barafu kutoka mbali. "Nikinunua mayai leo, mwakani nitauza nini?" Wachuuzi wengine wakamuunga mkono, wengine shingo upande.

Mwaka uliofuata miamba ilifungwa mapema, kwa kufuata bamvua, na mimi nikaongeza safu ya mayai katika daftari. Wengi walitii. Mvuvi mmoja alihama diko kwa hasira, na mpaka leo simlaumu: alikuwa na mkopo wa injini, na serikali iliyofunga miamba haikumwombea muda kwa waliomkopesha.