Mkono wa binti yako nao ni msaada, uandike

Mama mdogo wangu anaishi Leicester na binti yake. Ana baridi yabisi ya mikono na magoti. Fomu ya PIP, malipo ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu na maradhi ya muda mrefu, ilipomfikia, alinipigia simu nikaenda tuijaze pamoja.

"Mama, wapika mwenyewe?"
"Napika, mwanangu. Nisipopika nitakula nini?"
"Viazi nani humenya?"
"Huyu."
"Na sufuria nani huepua?"
"Huyu huyu."
"Vifungo vya nguo je?"

Hapo alinyamaza. Kwake, binti kumfunga mama yake vifungo ni wajibu wa mtoto, halihesabiwi. Lakini fomu inahesabu. Ukihitaji mtu akusaidie kupika, hiyo ni pointi 4. Akusaidie kuvaa nguo za juu, 4 nyingine. Pointi 8 katika shughuli za kila siku zinatosha kupata kiwango cha kawaida, na 12 kiwango cha juu. Mama ambaye angeandika "napika, navaa" angeondoka na sifuri, ilhali nyumba nzima inamshikilia.

Jina la ugonjwa halitoi pointi. Kinachotazamwa ni kama jambo unaliweza kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kila linapohitajika, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Basi tuliandika: asubuhi vidole havikunji, kisu kimemponyoka mara kadhaa, akioga peke yake hawezi kutoka bafuni. Nilimwomba asimulie siku zake zilivyo hasa, maana shida inapaswa kuwepo katika zaidi ya nusu ya siku zote, si siku moja moja.

Kutembea wanakutaka useme kwa mita. "Nafika dukani" haisaidii. Tulipima kutoka mlangoni hadi kituo cha basi, tukaandika anaposimama na jinsi magoti yanavyomuuma baadaye.

Barua za hospitali peleka nakala, asili zibaki kwako. Fomu yenyewe piga picha kila ukurasa kabla ya kuituma. Una mwezi mmoja kuirudisha, na ukiona hutawahi, wapigie simu mapema waliokutumia fomu uombe muda.

Kwa siku ya tathmini, yaani mahojiano na mtaalamu wa afya kuhusu hali yako, omba mkalimani tangu wanapopanga miadi. Ni haki yako, hata kama Kiingereza cha sokoni unakijua. Maumivu yana maneno yake, na Mama mdogo ya kwake yote ni ya Kimvita. Binti pia anaruhusiwa kukaa naye, na mimi nadhani ndiye shahidi bora kuliko sote, kwa sababu usiku yeye ndiye anayeamshwa.

Uamuzi ukija usiokuridhisha, una mwezi mmoja kuomba utazamwe upya. Ukikataliwa tena, kuna baraza huru la rufaa (tribunal), na kufungua rufaa hulipi chochote. Ofisi za Citizens Advice, shirika la kuwapa watu ushauri, husaidia bure katika hatua zote hizo.