Usiku tuliowahamisha wafalme

Mtoto wa kaka ameniachia ujumbe wa sauti. Amefikia umri wa kusoma vitabu vinene na kudhani yeye ndiye wa kwanza kuvigundua. "Shangazi shikamoo," anasema, huku nyuma yake mtu anaosha vyombo kwa fujo. "Hivi ni kweli wewe na baba mliwahi kununiana kwa ajili ya Thorin na Stannis?"

Hatukununiana. Tulikaa kimya mpaka kukapambazuka, hilo ni jambo jingine.

 Usiku huo tulikuwa tunapanga makaratasi ya marehemu baba: risiti, barua, kadi za kliniki, hati. Wosia ulikuwa umeshasomwa. Nyumba kaachiwa mdogo wetu wa mwisho, ambaye muda wote mzee anaumwa alikuwa mbali, akipiga simu kwa nadra, na kila akipiga mzee anacheka mpaka anakohoa. Kaka, aliyekuwa akimwogesha na kumlisha, kaachiwa kiwanja ambacho hadi leo kimeota majani. Mimi nilipata changu, tusikifungue hapa. Hakuna aliyelalamika. Kaka alisema "sawa", akaanza kutafuta vibanio vya karatasi.

Wafalme wa vitabuni waliingia kwenye mazungumzo saa ngapi sikumbuki. Nyumbani kwetu wafalme hawa wako siku zote. Mimi nilianza na The Hobbit, kile kitabu cha Tolkien cha mwaka 1937 ambacho watu hukiita cha watoto kisha wakakisoma na kulia. Kaka alikwama kwenye A Clash of Kings, cha George R. R. Martin, cha mwaka 1998, akakisoma mpaka jalada likang'oka. Kwa hiyo mimi nina Thorin Oakenshield, mfalme wa Vibete, wale watu wafupi wa hadithi, aliyepoteza ufalme wake; yeye ana Stannis Baratheon, anayedai kiti cha enzi cha marehemu kaka yake Robert. Wote wawili hawacheki. Wote wawili wana kitu walichonyang'anywa, na wote wawili wakiingia chumbani, mazungumzo hukatika.

"Thorin wako," kaka alisema, bila kunitazama, "ni mtu wa kujihurumia kwa sauti nzuri."

Hapo alinichokoza. Kwa Thorin najua kila kona. Alikuwa kijana wa miaka 24 joka Smaug liliposhuka Erebor, mlima wa ufalme wao, na aliponea kwa kuwa siku hiyo alikuwa nje ya mlima. Babu na baba yake walitokea kwa mlango wa siri, ndevu zimeungua. Baada ya hapo Vibete wa ukoo wa kifalme wakawa wahunzi wa kuhamahama, na mara nyingine wakachimba hata makaa ya mawe. Kwenye vita vya Azanulbizar ngao yake ilivunjika, akakata tawi la mwaloni akajikinga nalo, na ndiyo asili ya jina lake. Ukihesabu tangu joka lilipokuja mpaka siku anakufa, ni miaka 171 ya kudai kitu kimoja. Nikamwambia kaka: mtu wa namna hiyo ana haki ya kuimba kidogo.

"Aimbe," akasema. "Stannis hakuwa hata na wa kuimba naye."

Akaanza, na nyie mnajua akianza hasimami. Stannis mvulana, amesimama ukutani Storm's End, ngome ya ukoo wake, anaitazama meli ya wazazi wake ikivunjika mbele ya macho yake ghubani, na tangu siku hiyo miungu hana habari nayo. Stannis na kipanga wake Proudwing, ndege aliyemwokota ameumia, akamuuguza mpaka akapona, lakini asiruke kupita vilele vya miti, na mzee mmoja wa ukoo wake akamshauri atafute ndege mwingine kwa sababu anajichekesha. Kisha kuzingirwa. Karibu mwaka mzima anashikilia ngome kwa amri ya kaka yake Robert. Wakala farasi, wakala paka, wakafika kwenye panya. Vita vikaisha, Robert akawa mfalme, na Storm's End, ngome ile ile, akampa Renly.

"Mdogo," kaka akasema. "Aliyekuwa bado mtoto wakati watu wanakula panya."

Nilikuwa nimeshika kadi ya kliniki. Sikunyanyua macho. Nilijua tumefika wapi, na nadhani yeye alijua mapema kuliko mimi, maana alisogeza kiti akabadilisha sauti kama mtangazaji wa mpira: "Haya. Tuwahamishe."

Huo ni mchezo wetu wa zamani. Unamtoa mtu kwenye hadithi yake unampeleka kwenye ya mwenzake, uone atafanya nini.

Tukampeleka Stannis Erebor. Joka limeshakufa, Bard wa mji wa Esgaroth ndiye aliyelipiga mshale, mji wenyewe umeungua, watu wake wako kwenye baridi, na Bard amesimama langoni anaomba sehemu ya hazina. Thorin, tunajua, alimjibu kwa ukuta wa mawe. "Stannis angelipa," kaka akasema. "Angesaga meno, angetaka orodha ya nyumba zilizoungua, moja moja, na jina la mwenye nyumba. Angelipa mpaka senti ya mwisho. Na asingemsamehe Bard maisha yake yote kwa kuwa upande wa haki."

Nikakiri ndani kwa ndani kwamba hapo ameshinda. Nikasema, sawa, na Bilbo je? Hobiti mmoja mdogo, mtu mfupi kuliko hata Vibete, mwenzake Thorin wa safari, amelificha lile jiwe la Arkenstone, kito ambacho Thorin alikithamini kuliko dhahabu yote ya mlimani, akatoka nalo usiku akawapa Bard na mfalme wa Elf ili vita visitokee. Kesho yake akasema mbele ya watu: ni mimi. Thorin alimkamata akamtikisa, na kama mchawi Gandalf asingejitokeza angemrusha kutoka ukutani. Mwisho akakubali kulikomboa jiwe kwa fedha na dhahabu, sehemu moja ya 14, yaani ile ile aliyomwahidi Bilbo, huku roho inamuuma. Stannis angefanyaje?

Kaka alifikiri. Anapofikiri huzungusha kalamu kwenye kidole gumba, na kalamu ya baba ilikuwa nzito, ikawa inaanguka mezani kila mara.

"Angempa cheo," akasema, "halafu angemkata vidole."

Nilicheka mpaka nikaweka kichwa juu ya makaratasi. Maana ndivyo hasa alivyomfanyia Davos! Ngome inakufa njaa, mfanya magendo mmoja anapenya usiku na vitunguu na samaki wa chumvi, watu wanapona. Stannis akampa cheo na ardhi kwa ajili ya vitunguu, na kwa ajili ya miaka ya magendo akamkata ncha za vidole vinne vya mkono wa kushoto. Jema halifuti baya, baya halifuti jema, kila moja na malipo yake. Na Davos mwenyewe akaona imekaa sawa, akavivaa vile vifupa shingoni kwenye kifuko.

Kisha zamu ya Thorin kwenda Storm's End. Kaka alisema Thorin angefanya mambo makubwa mwanzoni. Vitunguu vikiingia, angemkumbatia Davos mbele ya jeshi zima, angemwita ndugu, angemwahidi sanduku la fedha, na kungekuwa na wimbo kabla ya supu kuiva. "Miaka kumi baadaye," akasema, "kwenye hesabu kinapungua kitunguu kimoja. Davos yuko ukutani ananing'inia kwa miguu."

Kusema kweli sikuwa na jibu. Kuna kitu kwa Thorin ambacho huwa nakipita haraka ninaposoma: anawapenda watu sana mpaka siku wanapogusa anachokidai. Stannis hampendi mtu, na ukimgusa anakupimia sawasawa. Nani ungependa akudai wewe? Mimi ningemchagua Stannis. Lakini nani ungependa kukaa naye usiku wakati mvua inanyesha? Basi.

Badala ya kuishia hapo, nikauliza swali la mwisho. Nilikuwa nimelipanga? Labda. "Thorin," nikasema, "alikuwa na watoto wa dada yake, Fíli na Kíli. Walikufa wakimkinga kwa ngao na miili yao. Damu yake mwenyewe ilimfia. Sasa Renly ungempa Thorin, angemfanya nini?"

Kaka akaweka kalamu chini. Akachagua risiti kwenye rundo, akaikunjakunja mpaka ikawa donge dogo, akanyoosha mkono juu ya meza hadi karibu na pua yangu.

"Kula," akasema.

Nilijua ni ile pichi. Ndugu wawili wamekutana nje ya Storm's End kabla ya mapigano, kila mmoja anajiita mfalme. Renly anatia mkono chini ya joho, Stannis anashika mpini wa upanga, na kinachotoka ni pichi. Renly anailetea utani, anamwambia aionje, anaing'ata mwenyewe, majimaji yanamtiririka. Baada ya hapo Renly anauawa na kivuli chenye sura ya Stannis. Na Stannis, mtu anayehesabu mpaka misumari, anabaki anamuuliza Davos: ile pichi alikuwa ananiambia nini? Anasema ataingia nayo kaburini.

Kaka hakuushusha mkono. Alikuwa na mkwaruzo mpya kwenye kifundo cha kidole, sijui wa nini, na karatasi ilikuwa inajifungua taratibu kiganjani mwake ikitoa kimlio.

"Ngome hataji tena," akasema. "Umeona? Ngome ndiyo ilimpeleka pale, na hataji. Anataja tunda. Maana mdogo wake alikuwa anamchekesha, yeye akadhani ni silaha." Halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na usidhani sijui unachofanya."

"Nafanya nini?"

"Panga hizo za umeme, zimechanganyika na za maji."

Nikachukua ile risiti nikainyoosha. Ningependa kuwaambia ilikuwa ya mabati ya nyumba ile, hadithi ingekaa vizuri. Ilikuwa ya betri za redio.

Hatukusema tena hadi asubuhi. Yaliyofuata hayana urefu: kaka alitia saini palipotakiwa saini, mdogo wetu akahamia, akapaka rangi asiyoipenda mtu yeyote isipokuwa yeye. Anamwalika kaka kila mara, kwa vicheko vile vile. Kaka huenda, hukaa, hula, hushukuru. Mdogo wetu hajui kama kuna kesi. Huenda haipo. Nimewahi kujaribu kumuuliza kaka, akaniuliza kama nimelipia kiwanja chake kodi, maana nilikuwa nimeahidi.

Mwaka 2015, tamthilia ya Game of Thrones ilipomfanya Stannis amchome moto binti yake Shireen, nilisubiri kaka anipigie, na akapiga. "Kitabuni hajafanya," akasema. Nikasema hajafanya bado. Akasema bado siyo ndiyo. Sikumchekelea, ingawa kwa mara ya kwanza Thorin wangu alikuwa anaongoza kwa mbali. Mfalme wa Erebor alifanya upuuzi wa kutosha, lakini hakuna mtoto aliyeulipia kwa amri yake.

Siku hizi, nikiwarudia wale wawili, nakwama mahali ambapo usiku ule hatukufika. Thorin anakufa hemani akiwa na majeraha, na Bilbo analetwa kando ya kitanda. Yule yule aliyetaka kumrusha. Anapata nafasi ya kuyafuta maneno yake ya langoni na kuagana naye kama rafiki. Dakika chache hizo ndizo zinazotufanya tumpende. Ziondoe, tunabaki na mtu aliyekalia dhahabu watu wakitetemeka nje. Wanamzika na Arkenstone kifuani na wote tunaona sawa.

Stannis mara ya mwisho tunamwacha kwenye theluji njiani kuelekea Winterfell, katika A Dance with Dragons cha mwaka 2011. Mtu pekee anayeweza kumwambia hapana hayupo. Alimtuma mwenyewe White Harbor, na huko Davos akapewa kazi ya kuvuka bahari kumtafuta mtoto kwenye kisiwa ambacho wakazi wake husemwa wanakula watu. Akifa wiki hiyo, nani atasikia neno lake la mwisho? Hata kama ni zuri.

Nilimpigia kaka nikamweleza hivyo, baada ya ule ujumbe wa mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Davos atarudi," akasema.

"Unajuaje? Kitabu cha sita hakijatoka."

"Atarudi. Vitunguu alivipitisha usiku katikati ya meli zote za Redwyne zilizoizingira ngome."

Nikamwambia wakati ule Davos alikuwa kijana. Akakata simu.