Mpira wa upepo si wa kujipulizia vumbi
Leo asubuhi gereji, kijana wetu mwanafunzi alijielekezea mpira wa upepo kifuani apulize vumbi kwenye ovaroli. Nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka. Geji ya kompresa inayosukuma upepo huo ilionyesha presha ya baa 8! Upepo wa nguvu hiyo ukipata kidonda kidogo tu, unaweza kuingia chini ya ngozi. Jicho ndiyo kabisa.

Nikamwonyesha kovu langu juu ya nyusi. Mwaka juzi nilichomoa mashine ya kufungulia nati bila kufunga koki ya upepo, mpira ukacharaza kama mjeledi. Siku hizi nafunga koki kwanza, nabonyeza triga ya mashine upepo uliobaki utoke mpaka mlio unakata, ndipo nachomoa.

Miwani yangu ya kukinga macho nimempa yule kijana. Kesho nanunua nyingine.