Mama kalala Mambo Msiige

Mwezi uliopita mama katimiza miaka 70. Mie tangu mwaka juzi nlikuwa naweka pesa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, simwambii mtu, hata mume wangu kajua mwishoni kabisa wakati nishalipia. Ndugu zangu walidhani nakusanya za kumpeleka Umra tena. Safari hii halikuwa hilo. Nlitaka mama alale usiku mmoja Mambo Msiige, basi.

Kwa msioijua Unguja, Mambo Msiige ni lile jumba jeupe la mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, uso wake uko baharini na mgongo wake uko vichochoroni, ambalo tangu 2015 limekuwa hoteli ya Park Hyatt. Nyota tano, watu wanatoka Ulaya na Uarabuni kuja kulala pale. Lakini kabla ya hapo lilikuwa ofisi za serikali, na mama analijua kwa ofisi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa akienda pale kufuatilia karatasi za nyumba ya marehemu baba yake, mimba yangu iko miezi saba, anakaa ukumbini chini na wenziwe tangu asubuhi anangoja jina lake liitwe. Tulipokuwa wadogo kila tukipita Shangani alikuwa analionyesha kwa kidole, "hapo nimekaa mie na weye tumboni mpaka miguu ikavimba." Hadithi yake ilikuwa inaishia hapo hapo ukumbini, juu hakuwahi kupanda.

Siku yenyewe nilimwambia tunakwenda kula mjini, avae vizuri. Akavaa baibui lake jipya, akajifukiza udi, kanga akaikunja akaitia kwenye mkoba kama kawaida yake maana mama hatoki bila kanga ya akiba. Kaka akatushusha Shangani, mie na kibegi changu, mama anauliza "hicho kibegi cha nini?" simjibu.

Nlikuwa na wasiwasi na mlango, nisiseme uongo. Miaka mingi nyuma, baba yuko hai bado, tulikwenda hoteli moja hapo hapo mjini kunywa juisi tu siku ya Idi, mlinzi akatusimamisha akatuuliza tunamtafuta nani, na huku wageni wanapita pembeni yetu hata hawatazamwi. Baba hakusema neno, aligeuka tu tukarudi Forodhani tukanywa maji ya miwa. Sikusahau ule mgongo wa baba anavyoondoka. Kwahiyo nilipomshika mama mkono kupanda zile ngazi moyo ulikuwa unakwenda mbio, na yule kijana wa mlangoni akainama akasema "shikamoo bi mkubwa, karibu sana", mama akamjibu "marahaba mwanangu, weye mtoto wa wapi?" Wakaanza kuulizana mitaa mpaka ikajulikana bibi yake ni wa Kikwajuni na mama anamjua. Pumzi ikanishuka.

Risepsheni wakaniita jina wakanipa funguo ya kadi na mama ndio akafahamu. Hakusema kitu. Alitazama juu, akatazama ngazi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "tunapanda?"

Tukapanda.

Sasa kuna kitu mama alifanya chumbani nataka nikieleze vizuri. Hakwenda kitandani, hakwenda bafuni kuangalia marumaru wala nini. Alikwenda dirishani akanyoosha mkono akaupima ukuta. Alitia kiwiko kwenye ukingo wa ndani, vidole vikaishia ndani ya kizingiti, akaweka alama kwa kidole cha mkono mwengine, akapima tena, havijafika nje bado. Dhiraa moja na zaidi, ukuta mtupu! Halafu akaweka kiganja chake chote pale kwenye chokaa akanyamaza. Nje jua la saa tisa linachoma na kiyoyozi kilikuwa hakijawashwa, na ukuta ule ulikuwa wa baridi kama mtungi.

Mama ni dada wa fundi mwashi, ndio maana. Mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa chokaa. Miaka ya 90 alifanya kazi kwenye lile jengo la Dispensari ya Zamani, lile lenye baraza za mbao zilizonakshiwa kama lesi, karibu na bandari, alilolianzisha tajiri Tharia Topan 1887 na taasisi ya Aga Khan ikaja kulikarabati. Kila akirudi nyumbani mikono imepasuka na chokaa, mama anampaka mafuta ya nazi, na yeye anasema maneno yale yale siku zote: nyumba ya mawe inapumua, ukiipiga saruji umeiziba pua.

Nlikuwa nadhani ni usemi tu. Kumbe ndio elimu yenyewe. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, na mawe yale yana vitundu, yanafyonza maji na chumvi ya bahari, mvua ikinyesha yanalowa, jua likitoka unyevu unatoka nje kupitia kwenye chokaa. Saruji ni ngumu haipitishi, ukiipaka juu unyevu unabaki ndani unatafuta njia, plasta inavimba inabanduka na jiwe linakuja nayo, na huko ndani ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza polepole na mtu haoni. Siku boriti ikikatika inashuka gorofa nzima. Boriti zenyewe ni mikoko, na mkoko haurefuki sana ukabaki na nguvu, ndio maana vyumba vya nyumba zetu za zamani ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi upana, mti ndio ulioamua ukubwa wa chumba sio mwenye pesa. Na chokaa nayo ina mambo yake, mawe yanapangwa juu ya magogo yanachomwa kwenye tanuu, halafu inamwagiwa maji inachemka, halafu inaachwa ikae. Mjomba alikuwa anasema chokaa ya haraka ni ya wizi. Mama anakumbuka utotoni watu wamepanga mstari juu ya dari wanaitwanga sakafu kwa vigongo huku wanaimba, siku baada ya siku mpaka ishikane iwe kama jiwe moja. Kazi ile leo nani anayo muda nayo.

Kwahiyo alipoweka kiganja ukutani nilijua anamkumbuka kaka yake.

Kuhusu jina. Jumba limejengwa katikati ya karne ya 19, watu wanataja 1850, na tajiri mmoja wa Kiarabu, Salim bin Harith. Wazee wanasimulia kwamba alitaka lisiwe na mfano, akaamuru mayai, maelfu ya mayai, yachanganywe kwenye chokaa ili ishike zaidi, na watu walipotaka kumfuata wakaambiwa haya ni mambo msiige. Mayai kama yalitiwa kweli Mungu ndiye ajuaye, ila sijamuona mtoto wa Unguja asiyeijua hadithi hii.

Na tuseme na lingine, maana mama alilisema mwenyewe tukiwa tumekaa barazani. Alisema "haya mawe wameyabeba watu ambao hawakulipwa." Ni kweli. Utajiri wa wakati ule ni karafuu na pembe na watumwa, na Mji Mkongwe haukunyanyuka kwa mikono ya matajiri. Mie napenda majumba haya sana lakini siwezi kuyapenda nikafumba jicho moja. Halafu angalia dunia inavyokwenda, miaka ya 1860 wamishionari wa Kianglikana wa UMCA ndio wakakaa humu humu Mambo Msiige, wakiwa na vijana waliotolewa utumwani, na miongoni mwao alikuwepo Edward Steere, yule aliyekaa na watu wa Unguja akaandika hadithi na sarufi ya Kiswahili akazichapisha 1870. Baadae ubalozi wa Waingereza ukahamia hapo miaka mingi. Kwahiyo hichi Kiswahili mnachokisoma sasa hivi, kilichosambaa mpaka shule za Kigoma na Mombasa kikitokana na Kiunguja, sehemu ya kuandikwa kwake imepita kwenye kuta zile. Nilimwambia mama akasema "basi na mie nimeongea Kiswahili humo siku nzima na hawakuniandika."

Jioni tukashuka mbele baharini. Pale Shangani jua likianza kushuka vijana wanakuja kucheza mpira mchangani, kila siku ya Mungu, na wengine wanajirusha baharini, na hoteli iko nyuma yao na wageni wamekaa na glasi zao wanaangalia. Lazima niseme hapa, wakati wa ujenzi kulikuwa na maneno mengi kuhusu mradi huu. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambao ndio walioutia Mji Mkongwe kwenye orodha yao mwaka 2000, haikupendezwa na jengo jipya kubwa lililounganishwa pembeni ya lile la zamani, na watu wa hapa nao walihuzunika kwa uwazi ule wa pwani kujengwa. Mie nipo upande wao kwenye hilo. Upenyo wa bahari ni wa watu wote, ukishazibwa haurudi. Lakini jumba lenyewe la zamani, lile la Salim bin Harith, limesimama, paa halivuji, kuta zimepakwa, milango inafunguka. Na nikilinganisha na Beit al Ajaib pale Forodhani, jumba la Sultani Barghash la 1883, ambalo tarehe 25 Disemba 2020 liliporomoka upande mzima na mnara wake, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wakafa... nlikuwa Dar siku ile, kaka kanitumia video, nililia kama nimefiwa. Mama hakuitazama mpaka leo.

Nyumba ya mawe ikiachwa tupu inakufa. Baada ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilihamia serikalini, wakatiwa watu chumba kwa chumba, kodi ndogo, hakuna wa kupanda kuangalia dari, bomba linavuja juu linaozesha boriti za chini, na mpaka Mamlaka ya Mji Mkongwe inaanzishwa 1985 nyingi zilikuwa zishaanguka au ziko njiani. Ukipita Mkunazini au Malindi leo utaona viwanja vitupu katikati ya nyumba kama meno yaliyong'oka, vile vyote vilikuwa nyumba na watu wamezaliwa humo. Hoteli haiwezi kuwa jibu la kila nyumba, tukifanya hivyo mji utabaki na wageni na wahudumu wao tu, watoto wa kucheza vichochoroni watoke wapi? Lakini nyumba moja ikipata mtu wa kulipia chokaa ya kweli na mafundi wa kweli, mie nashukuru, na nataka wale mafundi walipwe na wafundishe vijana kabla hawajaondoka kama mjomba.

Bei. Mtaniuliza inbox kwahiyo nasema hapa hapa: ni pesa nyingi, ndio maana nimeweka akiba karibu miaka miwili. Ila ulizeni bei ya wakaazi kabla hamjalipa onlaini, hoteli nyingi za Unguja wanayo, na nendeni miezi ya masika, Aprili na Mei, bei zinashuka sana na mji umetulia. Sio lazima mlale. Piga simu uliza kama mnaweza kuingia kunywa chai, panda, tazama bahari kutoka pale juu alipokuwa anatazama balozi.

Usiku mama hakulala mapema. Aliniomba nizime kiyoyozi nifungue dirisha, upepo wa bahari ukaingia, akajifunga kanga yake ya akiba akalala upande wa ukutani. Alfajiri zikaanza adhana, moja kutoka upande wa Malindi, nyingine karibu, nyingine, mpaka zikachanganyika, na mie nikafungua macho nikamkuta mama ameshatia udhu amekaa kwenye mkeka wake anangoja. Mwanga ulikuwa mdogo, bahari ya kijivu, ngalawa moja inarudi bila sauti.

Baada ya chai akaniambia nimpigie mama mdogo, yuko Pemba. Nikampa simu.

"Nipo Shangani. Sijaja mjini sasa hivi, nimelala hapa. Mambo Msiige! Ndio, juu. Juu kabisa. Mwanangu kanileta."

Nikamsikia mama mdogo upande wa pili anauliza kwa sauti kubwa, "lile la mayai?"

"Lile lile," mama akasema, na mkono wake mwengine alikuwa ameuweka ukutani.